Paukwa ya Mtoto wa Mjini Iko Wapi?

Ndugu msomaji, hebu jikumbushe jioni moja ya utoto wako. Kazi za mchana zimekwisha, chakula kimeliwa, na moto umebaki makaa. Watoto wamejibanza juu ya jamvi. Mmoja kajilaza mapajani mwa bibi, mwingine anamvuta kanga ili asogee. Bibi anakohoa kidogo, kisha anatamka neno moja tu: "Paukwa!" Na kundi zima, mkubwa kwa mdogo, linaitika: "Pakawa!"

Yamkini kwenu mliitwa kwa maneno mengine. Wako walioitwa kwa "Hadithi, hadithi!", na wako walioitwa kwa lugha za makabila yao. Lakini mwito ulikuwapo, na mwitikio ulikuwapo, wala hapakuwa na mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ni mdogo mno asiweze kusikiliza. Hata kichanga aliyekuwa akinyonya alikuwa ndani ya duara lile.

Sasa itazame jioni ya mwanao. Baba ametoka kazini magharibi na amekwama katika foleni ya magari. Mama amesimama kituoni muda mrefu akingoja daladala yenye nafasi. Wanapofika nyumbani, mtoto amekwisha lala, au anasinzia mbele ya runinga inayosema peke yake. Bibi yuko kijijini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Chumba cha kupanga ni kimoja, nacho kina kitanda, kabati, meza na vyombo. Mtu angedhani kwamba hadithi tu ndiyo iliyokosa pa kukaa.

Makala haya hayakusudii kuwalaumu wazazi wanaohangaikia mkate wa kila siku. Yanakusudia kuuliza swali moja: ikiwa bibi hayupo, na moto haupo, je, mtoto wa mfanyakazi wa mjini atasimuliwa hadithi na nani, na wapi? Katika nchi nyingi swali hili lilipoulizwa, jibu lilipatikana mahali ambapo wengi wetu tusingepatazamia: maktaba.

Siku Tulipoonyeshwa Mlango

Nasema "tusingepatazamia" kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuonja machungu yake. Miaka kadhaa iliyopita nilimchukua binti yangu, wakati huo akiwa na umri wa miaka mitatu, nikaenda naye katika maktaba moja. Nilitaka aone tu jinsi vitabu vingi vinavyokaa pamoja. Tukaketi pembeni, nikafungua kitabu chenye picha ya sungura, na kwa mzaha nikamnong'oneza: "Paukwa."

Masikini, mtoto hakujua kunong'ona. Aliitikia "Pakawa!" kwa sauti yake yote, kama alivyofundishwa na bibi yake alipokuja kututembelea. Ukumbi mzima uligeuka. Vijana wa sekondari waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani waliinua vichwa vyao, na mara akatujia mhudumu akatuonyesha mlango kwa adabu, lakini bila ya kuficha maana. Tulipofika nje mtoto aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: kwa nini tumeondoka na hadithi haijaanza?

Sikumlaumu mhudumu yule, wala simlaumu leo. Vijana wale walikuwa na haki ya utulivu. Lakini na mtoto naye alikuwa na haki yake. Haki mbili zilipokutana katika chumba kimoja, iliyopigiwa kelele ikashinda, na iliyopiga kelele ikatolewa nje. Tangu siku hiyo nilianza kuchunguza wenzetu wamefanyaje hata wakaweza kuzitimiza haki zote mbili, na niliyoyapata ndiyo ninayotaka kukushirikisha, ndugu msomaji.

Hadithi Ilivyoingia Maktabani

Usidhani kwamba maktaba za ng'ambo zilizaliwa zikiwapenda watoto. Katika karne ya 19 maktaba nyingi za Marekani hazikumruhusu mtoto kuingia, na aliyeruhusiwa alitazamwa kama mwizi au mharibifu. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya mwisho ya karne hiyo. Mjini Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, maktaba ilianza kuweka saa maalumu ya kuwasimulia watoto hadithi mwaka 1899. Mjini New York, mkutubi aliyeitwa Anne Carroll Moore alikabidhiwa mwaka 1906 kazi ya kusimamia huduma za watoto katika matawi ya Maktaba ya Umma ya New York. Aliweka viti vidogo vinavyolingana na miguu midogo, akasisitiza usimulizi wa hadithi, na akawaruhusu watoto kuazima vitabu. Kabla ya kuazima, mtoto aliandika jina lake katika daftari kubwa akiahidi kukitunza kitabu na kufuata taratibu za maktaba. Yaani badala ya kufungia vitabu kwa hofu kwamba vitachanwa, alimpa mtoto dhamana. Mtoto aliyepewa dhamana huona fahari kuitimiza.

Lakini katika maktaba hizo hizo za New York yuko mwanamke mwingine ambaye kisa chake kinatugusa sisi kwa karibu zaidi. Huyo ni Pura Belpré, aliyetoka kisiwa cha Puerto Rico akaajiriwa na maktaba mwaka 1921, katika tawi lililokuwa Harlem. Katika utoto wake, Belpré alisimuliwa ngano na bibi yake. Alipoanza kazi alipekua rafu zilizojaa ngano za mataifa mengi, lakini za kwao hakuziona hata moja. Akaamua kuzisimulia mwenyewe. Alisimulia kwa Kihispania na kwa Kiingereza, akatengeneza vikaragosi vya kuchezesha kwa mkono, na mwaka 1932 moja ya ngano zake ilichapishwa kuwa kitabu. Hakungoja watu wamfuate. Aliwaendea wahamiaji katika makanisa na nyumba za jumuiya, akawaambia kwamba maktaba ni yao pia.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Wazazi wale walikuwa vibarua waliohama makwao kutafuta kazi katika mji mkubwa, wakawaacha wazee wao ng'ambo ya bahari. Hali yao haikuwa mbali sana na ya mtu aliyetoka Ukerewe au Masasi akaja kutafuta kazi Dar es Salaam. Belpré aliichukua sauti ya bibi aliyebaki kisiwani akaipa kiti maktabani. Tangu mwaka 1996 hutolewa tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina lake.

Hata hivyo, katika miaka hiyo ya mwanzo saa ya hadithi ilikuwa ya watoto waliokwisha anza shule. Wale wa umri wa miaka mitatu hadi mitano walianza kukaribishwa katika miaka ya 1930. Vichanga walingoja zaidi. Vikao ambamo mama au baba huketi sakafuni akiwa amempakata mtoto asiyejua hata kutembea vilienea tangu miaka ya 1980. Nchini Uingereza, mwaka 1992, ulianzishwa mpango uitwao Bookstart katika mji wa Birmingham. Familia 300 zenye watoto wachanga zilipewa mfuko wenye kitabu cha picha na mwaliko wa kujiunga na maktaba. Uchunguzi uliofanywa baadaye juu ya baadhi ya watoto hao, ijapokuwa kundi lilikuwa dogo, ulionyesha kwamba walipoanza shule walikuwa mbele ya wenzao waliolinganishwa nao.

Kichanga Anasikia Nini?

Hapa msomaji mwenye busara ataniuliza: mtoto wa miezi sita atafaidi nini katika hadithi, naye hata jina lake halijui vizuri? Swali hilo ni la haki, na wataalamu wamelijibu.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walieleza jaribio la ajabu. Akina mama wajawazito waliombwa kusoma kwa sauti hadithi fulani, ile ile, mara mbili kila siku katika wiki sita za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mtambo, hata mtoto akawa anaweza kuchagua, kwa namna anavyonyonya, hadithi ya kusikia. Walichagua ile waliyoisikia tumboni, hata iliposomwa na mwanamke mwingine asiye mama yao. Kwa hiyo mtoto haanzi kusikiliza siku anayoanza kuzungumza. Hufika duniani akiwa msikilizaji tayari.

Wengine watasema: kama ni kusikia tu, si tumwashie runinga au simu? Na hili nalo limejaribiwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle walichukua watoto wa Kimarekani wa umri wa miezi tisa, ambao majumbani mwao walisikia Kiingereza peke yake. Kundi moja lilikutana mara 12 na wasemaji wa Kichina waliowasomea vitabu na kucheza nao ana kwa ana. Kundi jingine lilipewa maneno yale yale na watu wale wale, ila kwa njia ya runinga, na wengine kwa sauti iliyorekodiwa. Waliokutana na mtu hai walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama runinga, na waliosikia sauti peke yake, hawakujifunza kitu.

Jambo hili lina uzito kwetu, maana wengi tumeamini kwamba katuni zitamfundisha mtoto lugha huku sisi tukipumzika. Mtoto mchanga hujifunza maneno kutoka katika uso wa mtu: macho yanayomtazama, mdomo unaotembea, kidole kinachoonyesha picha, na sauti inayonyamaza kidogo ili yeye naye apate kujibu, hata kama jibu lake ni "baa" au "dada". Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya runinga au simu, na yule wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Shirika hilo likahimiza kwamba mtoto anapotulia, ni vema asomewe na kusimuliwa hadithi na mlezi wake. Bibi zetu hawakuwa na mitambo ya maabara, lakini "Paukwa" yao ilikuwa imekwisha fika huko. Mwito ule haukamiliki mpaka mtoto aitike.

Saa ya Hadithi Huendeshwaje?

Tuingie sasa katika maktaba iliyojiandaa tuone mambo yanavyokwenda. Kwanza, jina "saa" ni la heshima tu. Kwa watoto wachanga kikao huchukua dakika 20 au 30, na hilo latosha. Mahali penyewe huwa pembeni, mbali na wanaojisomea, au huchaguliwa wakati ambao wasomaji wengine ni wachache. Mkeka hutandikwa, viatu huvuliwa, na watu huketi kwa duara. Kila mtoto huwa na mtu wake: mama, baba, shangazi, kaka au yaya. Hapana mtoto anayeachwa mlangoni kama mzigo wa kuhifadhiwa.

Kikao hufunguliwa kwa wimbo ule ule kila wiki, na katika wimbo huo majina ya watoto hutajwa mmoja mmoja. Mtu mzima aweza kuona kurudia huko ni kuchosha, walakini kwa mtoto kurudia ndiko kunakomjengea imani. Kisha husomwa kitabu kimoja kifupi chenye picha kubwa na maneno machache. Baada ya hapo hufuata michezo ya vidole, kupiga makofi, wimbo wa kubembeleza, na pengine kitabu cha pili. Kwa wale wa miaka mitatu na kuendelea, hadithi hurefuka kidogo na maswali huulizwa: Unadhani sungura atafanya nini sasa? Fisi amekasirika au amefurahi? Mwisho, vitabu humwagwa mkekani, kila mtoto akachagua chake.

Mtoto akilia, mzazi hutoka naye kidogo akarudi. Akitambaa kuelekea kwa msimulizi, huachwa atambae. Akikitia kitabu mdomoni, hakuna anayeshituka, maana vitabu vya umri huo hutengenezwa kwa karatasi ngumu, na mkutubi anajua kwamba kwa kichanga kuonja ni namna ya kusoma.

Lakini siri ya kikao kizima ni hii: mwanafunzi mkuu aliyeketi pale ni mzazi. Mtoto atakaa na mkutubi nusu saa kwa wiki. Muda uliobaki wote atakuwa na jamaa zake. Kwa hiyo msimulizi hodari huku anasoma, huku anamwonyesha mama namna ya kukishika kitabu ili mtoto aone picha, namna ya kuibadili sauti, namna ya kungoja jibu. Vyama vya wakutubi wa Marekani, katika mafunzo yao yaliyosahihishwa mwaka 2011, viliyafupisha mambo anayotakiwa mzazi kufanya na mtoto wake kuwa matano: kuzungumza, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi.

Hapa Kwetu Tunayo Misingi

Nchi yetu haianzi na mikono mitupu. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba kwa umma ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Tarehe 9 Desemba, 1967, Mwalimu Julius Nyerere alifungua rasmi jengo la Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam, na humo humo watoto walitengewa sehemu yao. Sheria mpya ya mwaka 1975 iliiimarisha Bodi ya Huduma za Maktaba, nayo matawi yakaendelea kufunguliwa mikoani. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuchapisha vitabu vya Kiswahili vya watoto na kuvipeleka mashuleni. Na kwa wale wenye simu, hazina ya African Storybook, iliyoanzishwa huko Afrika Kusini, ina hadithi za picha za Kiswahili ambazo mtu aweza kuzisoma bure.

Tena sisi ni taifa lililowahi kuonyesha kwamba elimu si ya madarasani tu. Wazee wetu wanakumbuka kampeni za kisomo za miaka ya 1970, ambapo watu walisomea chini ya miembe, viwandani na katika ofisi za Chama. Aidha, wengi wenu mnakumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, jinsi watoto wa mtaa mzima walivyokusanyika kwenye nyumba yenye redio. Sauti ile ilipendwa mno. Lakini iliwafaa zaidi wale waliokwisha ijua lugha. Kichanga aliyehitaji kuonyeshwa pua na sikio alimhitaji mtu wa karibu.

Tukiwa na misingi hiyo yote, tumekwama wapi? Nionavyo mimi, vikwazo ni vinne.

Kwanza ni umbali. Jiji limetanuka, na familia nyingi za wafanyakazi ziko pembezoni, ambako maktaba ya umma hakuna. Mama mwenye watoto wawili hawezi kulipa nauli ya daladala kwenda na kurudi kila wiki kwa ajili ya dakika 30.

Pili ni saa za kazi. Kikao kikiwekwa Jumatano saa nne asubuhi, mtoto wa karani au wa fundi wa kiwandani hawezi kufika, labda aletwe na jirani. Siku inayowafaa ni Jumamosi.

Tatu ni mazoea ya kukiona kitabu kuwa mali ya kufungiwa. Katika nyumba zetu, na hata katika baadhi ya shule, kitabu kizuri hukaa kabatini kikiwa safi, na mtoto hukiona kwa mbali. Kitabu cha namna hiyo ni pambo.

Nne, na hiki ndicho kikubwa, ni fikra kwamba kusoma huanza siku mtoto anapovaa sare ya shule. Tunangoja mwalimu wa darasa la kwanza aanze kazi ambayo sisi tulipaswa kuwa tumeianza miaka sita kabla. Samaki mkunje angali mbichi, nasi twangoja akauke.

Benchi la Kliniki

Kuhusu umbali, napenda kutoa fikra ambayo nayo si yangu peke yangu. Mwaka 1989, katika hospitali ya umma ya mji wa Boston iliyowahudumia watu wa kipato kidogo, madaktari wa watoto walianzisha mpango wa kumpa mtoto kitabu kila anapokuja kupimwa, na watu wa kujitolea wakawa wakiwasomea watoto hadithi katika chumba cha kungojea. Mpango huo, uitwao Reach Out and Read, umeenea katika sehemu nyingi za Marekani. Na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilishauri kwamba wazazi wahimizwe kuwasomea watoto wao kwa sauti tangu uchanga.

Sasa fikiria kliniki zetu za mama na mtoto. Asubuhi na mapema akina mama wameketi katika mabenchi, kadi mkononi, wakingoja zamu ya mizani na chanjo. Wanangoja muda mrefu, watoto wanalia, simu zinachezewa. Pale pana wasikilizaji waliokwisha kusanyika, bila ya nauli nyingine. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye sauti na kikapu cha vitabu kumi. Mkutubi wa wilaya aweza kwenda. Mwalimu mstaafu aweza kwenda. Mwanachama wa umoja wa wanawake au wa vijana katika tawi aweza kwenda. Ikiwa mabenchi yale yanatosha kumkinga mtoto na surua, yanatosha pia kumpa hadithi.

Mzazi Asiyejua Kusoma

Wako watakaosema kwa sauti ya chini: mimi mwenyewe kusoma kunanishinda, nitamsomeaje mtoto? Tafadhali, ndugu yangu, usijitoe katika duara. Kitabu cha mtoto mchanga kina picha. Fungua ukurasa, onyesha kuku, mwigize anavyolia, eleza kuku wa nyumbani kwenu alivyokuwa mkorofi. Ukifanya hivyo umesoma. Na kama kitabu hakipo, kuna kitendawili, kuna wimbo ulioimbiwa, kuna safari yako ya kutoka kijijini kuja mjini. Tumia lugha uliyoizoea zaidi, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kimakonde. Mtoto anayesikia maneno mengi katika lugha moja ana akiba atakayoitumia katika lugha ya pili.

Nawageukia pia akina baba. Katika picha nyingi za saa ya hadithi, duara limejaa akina mama. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba hadithi ni kazi ya kike, maana babu zetu walikuwa wasimulizi mashuhuri barazani. Baba anayerudi amechoka hahitaji kuwa na ustadi. Dakika kumi kabla ya kulala, taa ikiwa inawaka na simu ikiwa imezimwa, zinamtosha mtoto kujua kwamba yeye ni mtu wa kuzungumzwa naye.

Tuanze na Tulichonacho

Kwa wakuu wa maktaba, ombi langu ni dogo. Halihitaji jengo jipya. Tengeni saa moja ya Jumamosi ambamo kelele za watoto ni halali, mbandike tangazo mlangoni ili wanaojisomea wajue na wapange shughuli zao, mtandike mkeka, na mmwalike mzee mmoja wa mtaa aje asimulie. Mjini humu wako bibi na babu wengi waliofuata watoto wao, ambao hushinda wameketi uani bila ya mtu wa kuwauliza neno. Waleteni. Nao watapata kazi ya heshima, na watoto watapata hazina.

Kwa matawi, vyama vya wafanyakazi na waajiri: penye ukumbi wa mikutano pana mahali pa kikapu cha vitabu. Kwa wazazi: mchukue mtoto ukamwonyeshe maktaba iliyo karibu, uliza kama wana sehemu ya watoto, na kama hawana saa ya hadithi, ulizeni mkiwa watatu au wanne pamoja. Sauti ya mmoja ni malalamiko. Sauti ya wengi ni haja ya umma.

Binti yangu sasa ni mkubwa, anasoma mwenyewe. Hivi karibuni alikuja mdogo wake, ambaye hajatimiza miaka miwili, akajilaza mapajani mwake na kitabu kilichochanika ukurasa. Dada mtu akamwinamia na kusema, "Paukwa." Mdogo hakuweza kulitamka neno zima, alisema "Paka!" tu, kwa sauti iliyosikika kwa jirani. Hakuna aliyemwonyesha mlango. Hadithi ilianza.